Mkeka Usio na Mlango

Jambo la kwanza lililomfanya shangazi amtilie shaka yule mbunifu wa majengo ni kwamba alivua viatu. Watu wa serikali waliokuja kwetu hawakuwa na desturi hiyo. Walikanyaga mkeka na matope yao, wakaketi, wakauliza kadi za chama, wakaondoka. Huyu alisimama mlangoni, akainama, akafungua kamba taratibu, akaviweka viatu pembeni vikiwa vimeelekea nje, vile vile tunavyoviweka sisi. Shangazi alinishika mkono akanivuta hadi jikoni.

"Nani alimufundisha?" aliniuliza kwa sauti ya chini. "Mutu ya Kinshasa, kuvua viatu bila kuambiwa? Huyu alifundishwa. Huyu alitumwa."

Nilimwambia labda mama yake alimlea vizuri.

"Na wewe ndiye ulimuleta," akasema, akaniachia mkono.

Kweli, mimi ndiye niliyemleta. Nilikuwa nafanya kazi katika ofisi ya ramani za majengo pale Makiso, mtaa wa katikati ya mji. Kazi yangu ilikuwa kunakili ramani za wengine kwa wino juu ya karatasi nyembamba inayopitisha mwanga, ile tuliyoiita kalki. Mtu wa kalki hatakiwi kufikiri. Anafuata mstari wa mwenzake, na mstari ukipinda anapinda nao. Niliipenda kazi hiyo kwa sababu hiyo hiyo, maana miaka ile mtu aliyefuata mstari wa mwenzake alilala usingizi.

Mbunifu huyo alikuwa amesoma ng'ambo, akarudi Kinshasa, na kutoka Kinshasa akaletwa kwetu Kisangani kutengeneza upya nyumba moja ya Wabelgiji iliyokuwa ufukweni mwa mto. Ilikuwa nyumba nzuri zamani, yenye kibaraza cha mviringo na madirisha marefu, lakini tangu vita vya uasi ilibaki na matundu ya risasi ukutani na popo darini. Chama kilitaka iwe ukumbi wake wa mikutano. Na kwa kuwa ilikuwa miaka ya kurudi kwenye asili yetu, wenzetu wameacha majina ya ubatizo na wanaume wote wamevua tai na kuvaa abakosi, koti lisilo na tai, na kuitana 'citoyen', yaani raia, huyu bwana alikuwa na wazo lake. Hakutaka marumaru wala zulia. Alitaka sakafu nzima iwe ya vigae vya saruji vya rangi, vitakavyomiminwa hapa hapa mjini, na nakshi yake iwe ya mikeka ya wanawake wa Kisangani.

Mkuu wa ofisi aliuliza ni nani anajua wanawake wanaosuka. Wote wakanigeukia mimi, kwa sababu ya kofia yangu ya Ijumaa, kwani nyumba za Waislamu hazikosi mikeka. Ndiyo nikampeleka kwa shangazi.

Shangazi alikuwa dada mkubwa wa baba yangu, na ndiye aliyenilea baada ya wazazi wangu kufa. Katika ukoo wetu, uliokuja mji huu na misafara ya biashara zamani za mababu, kila mtu huzaliwa na jicho la pembeni. La shangazi lilikuwa kali kuliko la mtu yeyote. Alimshuku muuza mafuta ya mawese, alimshuku daktari, alimshuku jirani aliyemsalimia mara mbili kwa siku. Lakini sikumcheka hata siku moja. Mara ya mwisho watu kuja kuandika vitu vyetu daftarini, wakati wa uasi, walirudi kesho yake na bunduki, na baba yangu hakuonekana tena. Kwa hiyo mtu aliyekuja na daftari, na mita ya kupimia, na penseli nne za rangi mfukoni, hata angevua viatu na soksi, kwetu alikuwa mtu mwenye daftari.

Alikuja mara nne. Alipiga magoti akapima mikeka kwa mita, akahesabu mistari, akachora. Hakuuliza mstari una maana gani. Hilo nalo lilimkera shangazi. Angeuliza, angesema ni mpelelezi. Kwa kuwa hakuuliza, akasema anajua tayari. Alipoletewa pondu ya majani ya muhogo na samaki, alikula akamaliza na kuomba tena. "Mwenye kuogopa sumu hakule hivi," shangazi aliniambia. "Huyu haogopi. Kwa nini haogopi?" Na mimi, ambaye saa moja kabla nilikuwa nikimtetea, nikaanza kujiuliza kwa nini haogopi.

Siku ya nne sikuwapo. Jumamosi ile nilikuwa kwenye salongo, kazi ya lazima ya kufyeka nyasi barabarani. Kilichotokea nilikuja kukijua Jumatatu, ofisini, alipoweka mchoro mezani kwangu na kusema, "Citoyen, huu ndio wenyewe. Nauona ni muzuri kupita yote. Anza kalki."

Niliutazama, nikaweka kalamu chini.

Hapa lazima nieleze desturi yetu. Mkeka wa kwetu una pindo, mistari mitatu inayouzunguka pembeni, miwili myeusi ya tope lililochemshwa na mmoja mwekundu wa unga wa ngola, mti mwekundu wa msituni. Mistari hiyo haifungi. Mahali pamoja, upana wa kiganja, msukaji anaikata na kuacha majani meupe yapite mpaka ukingoni. Pale panaitwa mlango. Mkeka wa kulalia, wa kuswalia, wa kuzalia, wa arusi, kila mmoja una mlango, maana mtu aliye hai anaingia na kutoka. Mkeka mmoja tu hauna. Ni ule wa maiti. Huo pindo lake linazunguka na kujifunga, maana atakayelazwa juu yake hana pa kwenda. Kila mwanamke wa kwetu anayejua kusuka hujisukia wake akishazeeka, akaukunja na kuuweka juu ya kabati, na haukunjuliwi mpaka siku yake.

Mchoro uliokuwa mezani kwangu ulikuwa umefungwa pande zote nne. Na nakshi ya katikati, samaki wawili wawili wanaopeana mgongo, niliijua. Niliiona ikisukwa kwa miaka miwili nikiwa bado nasoma sekondari. Ulikuwa mkeka wa shangazi wa kufia.

Jioni nilikwenda kwake kabla ya kupita hata kwangu. Nilimkuta anachambua majani, akacheka kabla sijafungua mdomo.

"Alisema nimuonyeshe ile muzuri kushinda yote," akasema. "Bon, nikamuonyesha. Mwizi anaiba kitu gani? Anaiba kile unamuwekea mbele. Wacha chama kikutane juu ya mukeka ya maiti, tuone."

"Shangazi, wakijua?"

"Nani atajua? Wewe utasema?"

Nilicheka naye. Nakiri kwamba nilicheka. Ulikuwa mzaha wa hatari, na siku zile mzaha wa namna hiyo ulikuwa karibu starehe pekee tuliyobaki nayo. Niliwaza wakubwa wa chama wamekaa kwenye viti vyao juu ya pindo lisilo na mlango, nikarudi kazini na kuanza kunakili wale samaki kwa moyo mweupe.

Wiki mbili baadaye mbunifu alikuja na karatasi ya kichwa cha ramani. Wakubwa walikuwa wamebadili mawazo. Chama kitapata jengo lingine. Nyumba ya mtoni itakuwa ya kuandikisha ndoa, ndoa zote za mji. "Andika hapa juu," akaniambia, "Salle des mariages." Nikaandika hilo jina la ukumbi wa ndoa kwa herufi kubwa, wino ukanidondoka kwenye herufi ya mwisho. Mimi nilikuwa na mchumba, mwalimu wa shule ya msingi, ambaye watu wake walitoka Maniema. Majina yetu yalikuwa yameshapelekwa ofisi ya ndoa, na tarehe yetu sasa iliangukia wiki ya kwanza baada ya jengo kufunguliwa.

Nilipomweleza shangazi, hakucheka. Aliacha majani yaanguke mapajani.

Kwetu bwana arusi hatangulii kuingia mahali pa ndoa. Anayetangulia ni aliyemlea. Anakanyaga mkeka kwanza, anasema bismillahi, halafu anamwita. Asipokanyaga yeye, ndoa inafungwa, hakuna anayeizuia, lakini kila mtu mle ndani anajua kwamba aliyekulea amekataa kukufungulia.

"Mukeka yangu ya kufa," alisema polepole. "Hakuna mutu anakanyaka mukeka yake ya kufa na miguu yake mwenyewe. Na wewe nikuite juu yake? Na yule binti ya watu?"

"Nimwambie mbunifu abadilishe?"

"Utamwambia nini? Kama shangazi yako aliwekea chama mukeka ya maiti? Utamwambia hivyo, na kesho watakuja kunichukua."

Alikuwa na haki. Niliupima moyo wa yule bwana kwa kila nilichojua. Alikuwa mpole, lakini wapole ndio waliokuwa wakiandika taarifa. Alinisalimia kila asubuhi kwa jina kamili, na hilo pia lilinitia wasiwasi. Siku moja nilimkuta amesimama nyuma ya kiti changu akiitazama kalki yangu, hasemi kitu. Sikujua amesimama pale tangu lini.

Ndipo nikafanya jambo ambalo mtu wa kalki hafanyi. Katika kona ya nyuma ya ukumbi, upande wa mto, ramani ilionyesha kabati kubwa la vitabu vya ndoa. Nyuma ya kabati hilo, mahali ambapo hakuna jicho litakalofika, niliacha vigae vitatu bila mistari. Nilikata pindo. Niliweka mlango mdogo, wa siri, upana wa vigae vitatu. Wakati nakwangua wino kwa wembe jasho lilinitiririka mpaka nikaogopa litalowesha karatasi.

Alipokuja kuikagua, alitoa kioo chake cha kukuzia akafuata mistari kutoka kona hadi kona. Kwenye kona ya kabati alikawia. Nilisikia saa ya ukutani. Halafu akasema, "Bon," yaani sawa, akaikunja kalki, akaondoka nayo. Hakusema zaidi ya hapo, wala siku hiyo wala siku zilizofuata.

Neno lile moja lilininyima raha kwa miezi mitatu. Kila gari lililopunguza mwendo mbele ya ofisi niliona limenifuata mimi. Ukumbi ulifungwa kwa kufuli wakati mafundi wanamimina vigae, na sisi wa ofisini tukakatazwa kuingia mpaka siku ya ufunguzi. Nilimwuliza mwashi mmoja njiani kama kona ya nyuma ina mistari. Akanijibu kwa Kilingala kwamba yeye anaweka anachopewa. Jibu la kawaida kabisa, lakini nililigeuza kichwani wiki nzima nikitafuta kilichofichwa ndani yake.

Nilimwambia shangazi kuhusu mlango wa nyuma ya kabati. Hakuniamini.

"Unasema hivyo ili nikuje," alisema. "Na kama ulifungua, wenyewe watafunga. Batu ya ramani bapenda mustari inyooke."

"Utakuja lakini?"

"Nitakuja. Kuingia, sijui."

Siku ya arusi alivaa kitenge chake cha zambarau na kilemba cheupe, akakaa kiti cha nyuma cha gari la kukodi kutoka nyumbani hadi mtoni. Nyumba ilikuwa imepakwa chokaa nyeupe, popo wamefukuzwa, matundu ya risasi yamezibwa ukiyatazama kwa mbali. Watu wa mchumba wangu walikuwa wamejaa kwenye kibaraza cha mviringo. Mwandikishaji wa ndoa alikuwa ameshakaa mezani. Pembeni, ukutani, nikamwona mbunifu, na abakosi yake ya kijivu na daftari mkononi. Sikuwa nimemwalika. Nikajiambia leo ndiyo siku ya kukamatwa.

Kutoka kizingitini kwenda ndani walikuwa wametandika zulia jekundu, la kuwapokea wakubwa siku ya ufunguzi, na hakuna aliyejishughulisha kuliondoa. Shangazi alifika mlangoni akasimama. Kushoto na kulia kwa zulia aliona mistari yake mitatu, miwili myeusi na mmoja mwekundu, na samaki wake wakipeana mgongo katika saruji. Walikuwa wazuri, sitasema uongo. Walikuwa wazuri kuliko nilivyowachora.

"Mama, ingia," mwandikishaji alisema. "Tuko na ndoa zingine."

"Toeni hii kitu," shangazi akasema, akionyesha zulia. "Nione chini."

"Mama, hiyo ni zulia ya serikali."

"Sitakanyaka kitu yenye imefunikwa."

Nyuma yangu watu walianza kunong'ona. Mchumba wangu alinishika kidole kimoja tu, akakibana. Nilinyoosha shingo nikaangalia kona ya nyuma, ambako kabati lilikuwa bado halijaletwa, na niliona wazi kabisa kwamba vigae vyangu vitatu havikuwapo. Pindo lilikuwa limefungwa. Alikuwa ameona. Alikuwa ameziba.

Basi yule bwana akaweka daftari lake dirishani, akaja, akavua viatu. Alipiga magoti mbele ya shangazi, mbele ya mwandikishaji na ukoo wote wa Maniema, akalikunja zulia kwa mikono yake kutoka kizingitini kwenda ndani.

Chini yake, mbele ya mlango mkubwa, pindo lilikatika. Mistari yote mitatu ilikoma upande huu na upande ule, na katikati vigae vilikuwa vyeupe kama majani ambayo hayajatiwa rangi, upana wa watu wawili kupita bega kwa bega.

Shangazi alisogea hadi ukingoni. Kisha akainama, akapitisha kiganja juu ya saruji, kwenye kile cheupe, kama anayetafuta mahali palipoungwa. Hapakuwa na mahali palipoungwa. Akanyoosha mgongo, akasema bismillahi, akapita. Alipofika katikati ya sakafu akageuka na kuniita kwa jina la utotoni ambalo alikuwa hajalitumia tangu niote ndevu.

Baada ya ndoa alimfuata mbunifu kibarazani. Mimi nilikuwa nyuma yake.

"Ulijua," akamwambia.

"Mama, nilichora mikeka ya nyumba nyingi mu mji huu," alijibu. "Yote iko na mulango. Yako tu haina. Nikauliza mama mumoja kule Lubunga, akanielezea."

"Na haukusema?"

"Niliogopa. Nilizani kuna mutu alikutuma, unijaribu, uone kama nitasema mubaya juu ya kazi ya chama. Nikangoja munaniambia wenyewe." Akanigeukia mimi. "Hata wewe, citoyen. Niliona kona yako. Nikasema leo atasema. Ukanyamaza."

Nilikuwa na jibu moja tu, kwamba na mimi nilimwogopa yeye, na lilikuwa jibu la aibu. Sikulitoa. Shangazi alimwuliza mama yake anaitwa nani na anakaa wapi. Akasema mama yake alikufa zamani, kijiji cha mto karibu na Barumbu, na kwamba naye alikuwa anasuka, ndiyo maana anajua kuvua viatu.

Wiki ile ile shangazi alianza mkeka wa kulalia wa mtu mmoja, kwa ajili ya mbunifu. Aliusuka karibu mwaka. Ulikuwa na mlango mpana kuliko mikeka yote aliyowahi kusuka, na alipomaliza akanipa niupeleke ofisini.

Asubuhi hiyo nilikuta meza ya mbunifu tupu. Hapakuwa na penseli, hapakuwa na kioo, hata misumari aliyotundikia michoro ilikuwa imeng'olewa. Mwenzangu wa meza ya pili aliinua macho akayarudisha kwenye karatasi. Nilirudi nyumbani na mkeka begani.

Shangazi alinipokea mlangoni, nikamweleza. "Muulize mukubwa wako alipelekwa wapi," akasema. "Nitautuma, hata kama iko mbali."

Siku iliyofuata nilimwambia nimeuliza, na kwamba hakuna anayejua.

Shangazi alikufa miaka mingi baadaye, na tulimlaza juu ya mkeka wake wa samaki, kama alivyotaka. Ule mwingine uko kwangu, juu ya kabati, haujalaliwa na mtu. Watoto wangu wakiuliza ni wa nani, nawaambia ni wa rafiki wa familia aliyehama. Sijawahi kuwaambia kwamba siku ile sikuuliza.